Pua ya Nyangeta

Jumamosi jua likishazama,
Sabato yake ikiwa imekwisha na Biblia imerudi kabatini,
Nyangeta hupanda ngazi za mawe hadi kwetu Bwiru,
akihema, akiyalaumu magoti,
nasi humsogezea kiti.
Hajawahi kunywa. Hata togwa huiuliza ina siku ngapi.

Lakini miaka ishirini na miwili alisimama
kiwandani, kwenye mkanda wa minofu ya sangara,
buti za mpira, kofia ya wavu,
akinusa.
Huu upande ndege. Huu ubaki. Huu utupwe.
Mashine ilikuwepo; mashine ilimsubiri yeye.
Maana kuna shombo, asema, na kuna vumba,
na kati ya shombo na vumba
kuna saa tatu za barafu iliyochelewa.

Mezani glasi kumi na moja, hazifanani,
mbili zina majina ya maharusi tusiowakumbuka.
Bia ya mtama ya Kwilasa, aliyoichachusha jikoni
kwenye ndoo ya rangi (anaapa ilikuwa mpya).
Bia nyeusi ya kahawa, ya Kwilasa pia,
maana hajui kupumzika.
Mvinyo wa rozela wa mke wangu,
mwekundu kama wino wa mwalimu mkali.
Zabibu ya Dodoma, ya dukani, ina kizibo na majivuno.
Na kidumu cha rubisi kilichoshuka na meli ya alfajiri kutoka Bukoba,
kikivuja kidogo, kikinung'unika.

Sisi tunakunywa, tunabishana.
Mimi nasema ukakasi, Kwilasa anasema ugwadu,
mke wangu anasema wote wawili tuna ndimi za mbuzi
na anaandika alama zake kwa penseli
kwenye daftari la hesabu la mjukuu.
Ndipo Nyangeta huinua glasi,
huipitisha chini ya pua mara moja tu,
kama apitaye mbele ya nyumba ya mdai.

"Ndoo haikuwa mpya."
Kwilasa analitazama ziwa.
"Rozela mlianika juu ya mwamba, si mkekani.
Bado ina joto la jiwe. Na mjusi alipita."
"Hii ya dukani imevaa suti. Mwili siujui."
"Hii nyeusi…
ningekuwa mnywaji, Kwilasa, ningekusumbua."
Kwilasa anajiandikia tisa.
Mke wangu anafuta, anaandika saba na nusu.

Umeme ukakatika.
Pasiansi giza, Kirumba giza,
taa za wavuna dagaa tu huko majini.
Tukazichanganya glasi kwa makusudi, tukicheka kama watoto,
tukamsukumia moja moja.
Mtama, akasema. Zabibu. Kahawa. Mtama tena, msinichezee.
Hakukosea hata moja.

Kisha ikaja rubisi.
Tukasikia glasi ikitua mezani
polepole, kama mlango unaorudishwa
na mtu asiyetaka kuwaamsha waliolala.

"Huyu namjua."

Si hii. Huyu.
Jenereta la jirani likakohoa, likakataa.
"Harufu ilimtangulia hatua kumi.
Kumi zilitutosha kuzima kibatari
na kumpitisha mama dirishani."
Kimya.
"Nyie mnadhani pua hii niliipata kiwandani."

Umeme uliporudi
alikuwa akijifuta vidole kwa pindo la kanga,
kidole kimoja baada ya kingine.
Mke wangu alishika penseli, akaiweka.
Mstari wa rubisi daftarini uko wazi hadi leo,
na mjukuu kauliza kama tulishindwa hesabu.

Kidumu nilikitoa nje.
Nyangeta akasimama, akayalaumu magoti.
"Wiki ijayo nini?"
Nanasi, tukasema. La Sengerema.
"Basi msilimenye kwa kisu cha vitunguu.
Nitajua."
Akashuka ngazi za mawe na tochi yake ya simu,
na mpaka chini kabisa tulimsikia
akivuta hewa, akiachia, akivuta,
akikisoma kila kibaraza alichokipita.